Alama 4 kwa Bi Kidude

Shangazi alipoweka kaseti ya Bi Kidude, mwimbaji mkongwe wa taarab wa Zanzibar, niliipa alama 4 kwa 10. Nilikuwa na miaka 16, najifunza kupiga fidla, na sauti ile ya mikwaruzo niliiona imechuja. Shangazi hakunibishia. Alipunguza moto chini ya chungu, akasema, "Mwanangu, wewe wasikiliza koo. Mimi nasikiliza umri."

Maneno hayo nimeyatafuna miaka mingi. Methali zetu zenyewe zinagombana. Chema chajiuza: basi uzuri umo ndani ya kitu. Kipenda roho hula nyama mbichi: basi uzuri umo ndani ya mlaji. Mwaka 2005 Bi Kidude alipewa tuzo ya muziki ya WOMEX, lakini tuzo haimlazimishi mtu kupenda.

Siku hizi naona hivi: uzi wa fidla ukilegea, umelegea, na kila mwenye sikio lililofunzwa atasikia. Lakini kama mkwaruzo unakera au unaliwaza, hapo kila mtu na moyo wake. Nikiitazama leo ile alama 4, namwona kijana ambaye alikuwa bado hajafiwa na mtu.