Kumlilia Tusiyeonana Naye

Mwezi wa Oktoba 2014, alipofariki Profesa Ali Mazrui huko Marekani, mji wetu ulihuzunika. Maiti yake ililetwa Mombasa, ikazikwa katika makaburi ya Mazrui karibu na Ngome. Wengi waliolia hawakupata kumpa mkono. Walimjua kwa vitabu na televisheni. Je, huzuni ya namna hii ni ya kweli, au ni kufuata watu tu?

Yaweza kuwa ya kweli. Mtume s.a.w. hakuonana na Najashi, mfalme wa Uhabeshi. Lakini alipokufa aliwatangazia masahaba, akawapanga safu, akamsalia. Mtu hupendwa kwa wema wake uliotufikia, ijapokuwa uso wake haukutufikia.

Lakini Mtume huyo huyo alimkosa mfagiaji wa msikiti wake, akamuulizia. Akaambiwa amekwisha kufa, wala hawakumjulisha, kana kwamba walilidharau jambo lake. Akataka aonyeshwe kaburi, akamsalia.

Basi, ndugu msomaji, si kosa kumlilia mashuhuri. Kosa ni machozi kuishia kwake. Akifa hamali wa mkokoteni aliyetuletea maji kila siku, nani hufunga duka akamzike? Aliye mbali hatudai ila machozi. Jirani ameacha deni, mjane na mayatima, na hayo yatudai mali na wakati. Hapo ndipo ijulikanapo huzuni ya moyo na huzuni ya kuonyesha watu.