Kimya Katika Kanda

Katika miaka ya 1980, chuoni, mwenzangu kijana nami tulirekodi masomo ya hesabu katika shule ya mazoezi. Kila mmoja alisikiliza kanda peke yake, akaandika maneno ya wanafunzi, kisha akaamua kwa kila mmoja: ameelewa, anafikiri, au hajui.

Mahali fulani mtoto aliulizwa swali, akanyamaza, mwalimu akamwita mwingine. Mimi niliandika "hajui". Mwenzangu aliandika "anafikiri". Tulijadiliana kidogo, naye akafuta lake. "Sawa, Mkuu," alisema. Ripoti yetu ikajivunia kwamba tulikubaliana karibu kila mahali.

Mwaka 1960 Jacob Cohen alifundisha kuwa katika makubaliano ya waamuzi wawili lazima tutoe sehemu iletwayo na bahati. Maana hata watu wawili wakirusha shilingi watalingana karibu mara nusu. Kipimo chake, kapa, ni chema. Lakini kapa huondoa bahati, haiondoi cheo. Ilitupasa kuhesabu kabla ya kuzungumza, si baada.

Sijui hata leo nani kati yetu alikuwa sahihi. Najua niliwadhulumu wawili: mtoto, ambaye kimya chake nilikiita ujinga, na kijana, ambaye heshima yake niliihesabu kuwa ushahidi.

Afanyaye kazi hii na aandike kwanza alichosikia: mtoto alinyamaza. Maana ije baadaye, na mkubwa aseme mwisho.