AMANA YA MAJI

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Ama baada ya kumhimidi Mwenyiezi Mungu na kumsalia Mtume wake, enyi ndugu zetu wa mwambao, sikilizeni.

Wakaao Kolandoto, katika nchi ya Shinyanga, wako mbali na bahari. Samaki waletewao hutoka Ziwa Viktoria. Katika ziwa hilo Mungu aliumba furu, samaki wadogo, aina zaidi ya 500. Miaka ya 1950 watu walitia sangara humo, kwa kutaka mavuo makubwa. Sangara akawala furu, na maji nayo yakachafuka kwa taka na udongo. Ilipofika miaka ya 1980 aina nyingi zilikuwa zimetoweka. Baadhi ya zilizosalia zililelewa ng'ambo, Ulaya na Marekani, katika majumba ya vioo, ambamo samaki hulishwa kwa mkono wa binadamu.

Zingatieni: kiumbe aliyepewa ziwa zima na Mola wake, amekwenda kuhifadhiwa katika sanduku la kioo!

Wala tusidhani hayo ni ya bara tu. Apigaye baruti baharini huvunja matumbawe, nayo ni nyumba ya samaki, na huua wachanga pamoja na wakubwa. Mavuo ya bahari tumehalalishiwa, uharibifu hatukuhalalishiwa. Na riziki ya watoto wetu si mali yetu. Basi mwenye baruti na aiache, na amjuaye na amkataze. Kwani Siku ya Hisabu tutaulizwa amana. Wallahu aalamu.