Kikombe cha Udongo

Je, ni haki kufurahia nchi ya watu wakati umekwenda kuhudumia watoto wenye ulemavu? Nilipojitolea Kolkata kwa masista wa Mtakatifu Teresa, mwenzangu alinikuta na chai ya maziwa kwenye kikombe cha udongo, akasema, "Kumbe umekuja kutalii!"

Kant alipima tendo kwa wajibu, si kwa raha. Mimi nasimama na Aristotle: mtu mwema hufurahia kutenda mema. Tena anayeona mateso tu anawapokonya wale watoto mji wao. Chai ile na nyimbo za Kibengali ni zao pia, jamani!

Linaloniuma ni jingine. Mtoto akishauzoea mkono wako ndipo anakula vizuri, halafu wiki ya sita unaaga. Kwa maoni yangu, kulisha wawaachie masista wanaobaki. Sisi wapita njia tufue mashuka.