Ajali Haifuti Haki ya Mtu

 Ndugu zangu katika imani, Ijumaa hii tuitazame kauli inayosikika kila damu inapomwagika barabarani: "Ni kudra ya Mungu." Kudra ni kweli, na kuiamini ni nguzo ya imani. Lakini kudra haimvui dereva dhamana.

Rejeeni Surat An-Nisaa, aya ya 92. Aliyeua muumini bila kukusudia bado anadaiwa kafara, ambayo kwa asiyepata mtumwa wa kumwacha huru ni kufunga miezi 2 mfululizo, pamoja na diya ya kukabidhiwa wafiwa, ila wenyewe wakisamehe. Na asiye Muislamu ambaye tuna ahadi naye, aya hiyo hiyo imemwekea diya yake.

Hapa kwetu Tanzania, Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inakataza chombo kuingia barabarani bila bima ya mtu wa tatu, tunayoiita bima ndogo. Haikulindii gari lako. Inamlinda yule mama anayevuka na ndoo ya samaki kichwani. Ukimgonga kwa uzembe wako nawe huna bima, fidia yote itakutoka mfukoni. Nawe mwenye chombo unayepokea hesabu kila jioni, usijifiche nyuma ya deiwaka, yule dereva wa kibarua. Alikuwa kwenye kazi yako, na mahakama inaweza kukudai pamoja naye. Anayehofia riba na gharar, yaani mashaka ya mkataba, katika bima ya kawaida, takaful, yaani bima ya Kiislamu, ipo siku hizi, aiulizie. Hofu hiyo isiwe kisingizio cha kutembea bila kitu.

Linaloniuma zaidi ni kile kikao cha baada ya maziko. Wazee wamekaa jamvini, bahasha ya ubani inapita mkono kwa mkono, mjane anaambiwa, "Mama, samehe, ni ajali tu." Yumo edani, kichwa hakijatulia, anaweka dole gumba kwenye karatasi asiyosomewa. Jamani! Diya ni haki ya warithi, na wamo watoto. Mjane ana hiari ya kusamehe fungu lake. Fungu la yatima asiyebaleghe, ami hana ruhusa ya kulitoa bure ili aonekane muungwana mbele ya watu.

Mtume (s.a.w.) aliwahi kuacha kumsalia maiti mwenye deni, mpaka Abu Qatada alipojitwika kulilipa. Diya nayo ni deni. Basi kama yupo miongoni mwetu aliyegonga mtu akakimbia, istighfari peke yake haimtoshi. Ajisalimishe polisi, kisha awaendee wafiwa pamoja na wazee waaminifu, wakubaliane malipo, hata ya kidogo kidogo. Na kinachobaki akiandike katika wasia wake, ili wanawe wakilipe kabla hawajagawana mirathi.