Aljebra ya Mstari na Milinganyo Tofautishi: Lipi Litangulie?

Mlinganyo tofautishi huunganisha kiasi fulani na kasi ya kubadilika kwake: mwendo wa chuma kilichoning'inizwa kwenye springi, kuongezeka kwa watu, mzunguko wa sayari. Aljebra ya mstari huchunguza vekta na matrisi, yaani vitu vinavyoweza kujumlishwa na kuzidishwa kwa namba bila kutoka katika jamii yake. Lipi lisomwe kwanza huonekana kuwa suala la ratiba ya chuo, lakini jibu lake hutegemea jambo ambalo wanafalsafa wamelijadili tangu kale: kujua ni kuweza kutenda, au ni kuielewa sababu?

Aristotle, mwanzoni mwa kitabu chake cha Fizikia, alitenga yale yaliyo wazi zaidi kwetu na yale yaliyo wazi zaidi kwa asili yake. Akili ya mwanadamu huanzia kwa ya kwanza na kuyaendea ya pili. Springi inayotikisika ni wazi kwetu, kwa kuwa huonekana na kushikika. Nafasi ya vekta haionekani, ila ndiyo inayoeleza kwa nini mitikisiko miwili ya springi ikijumlishwa huzaa mtikisiko mwingine unaotii mlinganyo uleule.

Historia ilifuata njia ya macho. Mnamo 1743 Euler alichapisha kanuni ya kufumbua milinganyo ya mstari yenye vizidishi visivyobadilika. Neno matrisi lilitolewa na Sylvester mwaka 1850, Cayley akaandika nadharia yake 1858, na Peano akaweka masharti ya nafasi ya vekta 1888. Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka mia moja milinganyo ilifumbuliwa bila lugha ambayo leo huitwa msingi wake. Wanaotaka milinganyo itangulie huona hapo hoja yao: ikiwa Euler hakuhitaji matrisi, kwa nini mwanafunzi azihitaji?

Hoja hiyo ina nguvu, lakini haifiki mwisho wa kisa. Lagrange na Laplace, katika karne ya 18, walichunguza mitikisiko midogo na mabadiliko ya polepole ya njia za sayari. Kazi yao iliishia kwenye mlinganyo wa kawaida wa aljebra ambao mizizi yake huamua tabia ya mfumo mzima. Waliamini kwamba mizizi miwili ikilingana, jawabu litabeba muda kama kizidishi, mtikisiko utakua bila kikomo na mfumo utapoteza uthabiti wake. Mwaka 1858 Weierstrass alionyesha kwamba katika mifumo ya aina waliyoichunguza hilo halitokei. Kosa lilidumu miongo mingi katika mikono ya mabingwa, na chanzo chake kinaweza kuonekana kwa mfano mdogo.

Mfumo wa kwanza una milinganyo miwili: x′ = x na y′ = y. Wa pili unatofautiana kidogo: x′ = x + y na y′ = y. Yote miwili hutoa mlinganyo mmoja wa mizizi, (r − 1)² = 0, wenye mzizi 1 uliojirudia. Hata hivyo, majawabu ya mfumo wa kwanza ni vizidisho vya eᵗ peke yake, ilhali katika wa pili hujitokeza teᵗ. Mizizi haiwezi kutenganisha hali hizo mbili. Kinachozitenganisha ni idadi ya mielekeo ambayo matrisi ya vizidishi vya mfumo haiigeuzi: katika mfumo wa kwanza kila mwelekeo hubaki ulivyo, katika wa pili hubaki mmoja tu. Mwanafunzi aliyekariri, kutokana na mlinganyo mmoja mmoja, kwamba mzizi unaojirudia daima huleta t, atakosea hapohapo walipokosea Lagrange na Laplace, na hatakuwa na chombo cha kumwonyesha kosa lake.

Hapa ndipo suala linapogusa dhamiri ya elimu. Imamu Ghazali, katika kitabu alichosimulia safari yake ya kutafuta yakini, aliitenga elimu na taklidi, yaani kufuata bila kujua sababu. Aliyejua kwamba kumi ni zaidi ya tatu, alisema, hatatikisika hata mpinzani wake akigeuza fimbo kuwa nyoka. Anayefundishwa kwamba y″ + 3y′ + 2y = 0 ina majawabu yote katika umbo Ae⁻ᵗ + Be⁻²ᵗ, bila kuonyeshwa kwa nini hakuna jawabu jingine, amepewa kanuni ya kufuata kwa taklidi. Sababu yenyewe ina sehemu mbili. Ya kwanza hutoka kwenye kalkulasi: mahali pa kuanzia na kasi ya kuanzia huamua jawabu moja tu. Ya pili ni ya aljebra: kwa kuwa namba mbili zatosha kuamua, majawabu yote ni nafasi ya vipimo viwili, na majawabu mawili yasiyotegemeana huijaza.

Kwa hiyo aljebra itangulie, ila kwa kiasi. Kinachohitajika ni vekta zisizotegemeana, vipimo vya nafasi, na mielekeo isiyogeuzwa na matrisi pamoja na thamani zake. Nadharia iliyobaki yaweza kungoja. Na kabla ya hiyo, mwanafunzi aonyeshwe angalau mlinganyo mmoja wa springi katika somo la kalkulasi, ili aljebra imkute tayari ana jambo la kuuliza. Njia ya kuunganisha masomo yote mawili, kama alivyofanya Gilbert Strang katika kitabu chake cha 2014, inafaa palipo na muda wa kutosha. Lakini muda ukibanwa, katika somo kama hilo aljebra ndiyo hukatwa kwanza. Kwa milinganyo isiyo ya mstari mpangilio huu haubadiliki, kwa maana karibu na mahali pa utulivu tabia yake mara nyingi husomwa kwa kuilinganisha na ile ya mstari, na kazi hiyo hufanywa kwa matrisi.