Uuwahi Mswada Ungali Kamatini

Mwanangu, najua una haraka. Tangu uketi hapa umeshaitazama simu si mara moja. Kunywa chai kwanza. Ninalotaka kukwambia si refu, ila si la kuambiwa mtu kasimama.

Juni 25 mwaka 2024 uliingia sebuleni macho mekundu ukasema, "Baba, Bunge limetuuza." Wabunge 195 walikuwa wameupitisha Mswada wa Fedha, 106 wameukataa, na vijana wenzako walikuwa wamepigwa risasi nje ya Bunge. Siku ile sikukujibu. Aliyefiwa hapewi somo la uraia. Leo niache niseme.

Kura uliyoiona kwenye televisheni ilikuwa mwisho wa safari. Mswada ulichapishwa tangu Mei. Ukasomwa mara ya kwanza, na kusomwa kwenyewe ni karani kutaja jina la mswada tu, hakuna anayejadili. Ukapelekwa kwa Kamati ya Fedha. Hapo, mwanangu, ndipo vifungu hushikwa kimoja kimoja, na ndipo ibara ya 118 ya Katiba inapolitaka Bunge liwashirikishe wananchi. Juni 20 ukasomwa mara ya pili: wabunge wakajadili shabaha yake kwa jumla, wakaupitisha kwa kura 204 dhidi ya 115. Halafu Kamati ya Bunge Zima, kwa marekebisho. Halafu mara ya tatu. Kisha mezani kwa Rais, ambaye ana siku 14 za kutia saini au kuurudisha.

Utazame mkate. Mswada ulipotoka, mkate ulikuwa utozwe VAT ya asilimia 16, na mwenye gari alipe kila mwaka asilimia 2.5 ya thamani yake. Waokaji wakaandika, watu wa bima wakaandika. Juni 18, siku ambayo vijana walianza kuandamana Nairobi, ikatangazwa kwamba hivyo viwili vinaondolewa. Kura ya kusomwa mara ya pili ilikuwa haijapigwa. Chumvi ya wali hutiwa maji yakiwa yanachemka. Wali ukishakauka utainyunyiza juu tu, na kila tonge litakuwa na ladha yake.

Utaniambia barabara ndiyo iliyoushinda mswada. Sibishi. Juni 26 Rais alikataa kuutia saini, na sote twajua kwa nini. Lakini hesabu miezi. Desemba 11 mwaka huohuo akatia saini sheria nyingine za kodi, na baadhi ya yaliyokataliwa Juni yalikuwemo humo, kwa jina jingine. Nazo zilipita kamatini, nazo ziliitiwa maoni. Siku hizo mlikuwa mmechoka, na waliokufa walikuwa wamekwisha kuzikwa. Siwalaumu. Ila jua kuwa mwenye mswada hachoki, analipwa mshahara kuusubiri.

Wengine wenu husema hayo ni mambo ya Nairobi. Haya, sikiliza ya kwetu Pwani. Baraza la kutunga sheria la wakoloni lilikaa mara ya kwanza mwaka 1907, bila Mwafrika hata mmoja ndani yake. Mwaka uliofuata, 1908, ikaja sheria ya hatimiliki za ardhi ya Pwani: kila mwenye madai ajitokeze na ushahidi, na ardhi isiyodaiwa iwe ya Serikali. Nani alikwenda kuwauliza wazee wa Kigiriama? Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2012. Maneno ya uskwota unayoyasikia kila uchaguzi, kuanzia Mtwapa hadi Magarini, mengi mizizi yake imo humo.

Ronald Ngala, mtu wa huku kwetu Kilifi, aliingia baraza lile mwaka 1957. Yeye na chama chake cha KADU walipigania mfumo wa majimbo, na uhuru ulipokuja mwaka 1963 tukawa na Seneti. Mwaka 1966 ikavunjwa. Imerudi kwa Katiba ya 2010. Siku hizi mswada unaogusa kaunti hupita mabunge yote mawili. Yasipoelewana, kamati ya upatanishi hupewa siku 30, na ikishindwa mswada umekufa. Mswada wa fedha ndio haupiti kwa maseneta. Kwa hiyo ukiona jambo la ardhi au la uvuvi, usimsumbue mbunge peke yake. Kilifi ina maeneo bunge saba, ina mwakilishi wa wanawake, na ina seneta.

Sisi wa umri wangu tulilelewa na baraza la chifu. Unakaa, unahutubiwa, unapiga makofi, unakwenda zako. Vikao vya maoni vilipokuja tukavifanya vivyo hivyo, soda mkononi. Nakumbuka kikao kimoja, wageni wakisoma Kiingereza na ukumbi mzima ukiitikia tu. Mvuvi mmoja akasimama, karatasi imekunjwa mara nne. Akataja nambari ya kifungu, akasema neno analotaka liondolewe kuhusu nyavu na neno analotaka liwekwe. Karani aliyekuwa akichezea kalamu akainama kuandika. Sote wengine tulikuwa tumelalamika tu.

Basi fanya kama yule mvuvi. Miswada iko kwenye tovuti ya Bunge, bure. Tangazo la kutoa maoni hutoka magazetini, na muda huwa mfupi. Andika kwa Karani wa Bunge: kifungu gani, kina ubaya gani, kiandikweje. "Hatutaki" peke yake karani hana pa kuiweka. Baki na nakala, na ripoti ya kamati ikitoka tafuta walichosema juu ya maoni yenu. Mahakamani ni mbali. Mahakama ya Rufani iliibatilisha Sheria ya Fedha ya 2023 Julai 31, 2024, na Oktoba Mahakama ya Juu ikairudisha. Na kama sheria ishapita, ibara ya 119 inakuruhusu kuliomba Bunge liibadilishe au liifute, hata ukiwa peke yako.

Kiingereza chao cha kisheria kikikushinda, mwite dada yako. Mkimaliza mniletee mlichoandika kwa Kiswahili, nikisome niwaambie kama mama anayeuza samaki Mayungu atakielewa.